Usenet kwa anayeanza: jinsi ya kuingia, kusoma na kuchangia kwenye vikundi vya majadiliano

Kabla hakujawa na tovuti hata moja, watu walikuwa tayari wanaulizana, wanafundishana na kubishana kwa kompyuta kupitia Usenet. Wazo lilizaliwa mwaka 1979 kwa wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani: Tom Truscott na Jim Ellis. Steve Bellovin wa Chuo Kikuu cha North Carolina akaandika programu ya mwanzo, na mwaka 1980 mambo yakaanza kwenda. Tim Berners-Lee alipotaka kuutangazia umma mradi wake wa World Wide Web mwezi Agosti 1991, alikwenda kuandika kwenye kikundi kiitwacho alt.hypertext. Mwezi huohuo Linus Torvalds aliwaambia wasomaji wa comp.os.minix kwamba anatengeneza mfumo endeshi. Huo ndio Linux.

Usenet bado ipo. Imepungua sana, na vikundi vingi vimekufa au vimeachiwa matangazo. Lakini vile vilivyo hai vina watu adimu: waliokaa na jambo moja miaka ishirini au thelathini, na bado wana moyo wa kumjibu mgeni kwa aya tatu zilizopangwa vizuri. Hao ndio sababu ya kuingia. Mwongozo huu ni wa mtu ambaye hajawahi kugusa Usenet kabisa na anataka afike pale akiwa amejiandaa.

Kwanza, elewa hakuna mwenye nyumba

Usenet haina kampuni wala makao makuu. Ni seva nyingi, yaani kompyuta za kuhifadhi na kugawa ujumbe, zinazomilikiwa na watu na taasisi mbalimbali, na zinapeana nakala za ujumbe. Ukiandika kitu, kinaingia kwanza kwenye seva unayoitumia wewe. Seva hiyo inawaonyesha majirani zake, nao wanawapa majirani zao, mpaka ujumbe umeenea kote. Kila ujumbe una namba yake ya utambulisho, inayoitwa Message-ID, isiyofanana na nyingine yoyote. Seva ikipewa ujumbe ambao namba yake tayari inayo, inaukataa. Kwa njia hiyo hakuna anayesoma kitu kilekile mara mbili.

Mazungumzo kati ya programu yako na seva hupita kwa utaratibu uitwao NNTP, uliowekwa mwaka 1986. Jina hilo utaliona kwenye mipangilio, kwa hiyo usishtuke.

Mfumo huu una matokeo ambayo mgeni lazima ayajue kabla hajaandika neno. Ujumbe ukishatoka, hauwezi kurudi. Ipo amri ya kufuta, lakini seva nyingi huipuuza, kwa sababu iliwahi kutumiwa vibaya na watu kufuta maneno ya wenzao. Isitoshe, kuna hazina za kumbukumbu zilizohifadhi ujumbe wa tangu miaka ya 1980. Andika kwa kudhani kwamba mwajiri wako wa miaka kumi ijayo atasoma. Tokeo la pili ni kwamba katika vikundi vingi hakuna msimamizi wa kumfukuza mkorofi. Ni kama baraza lisilo na mwenyewe: kinacholiweka sawa ni adabu za wanaokaa hapo. Ndiyo maana wazee wa vikundi wanashikilia sana mambo ambayo mgeni anaweza kuyaona madogo, kama namna ya kunukuu. Hiyo adabu ndiyo ukuta pekee walio nao.

Kusoma majina ya vikundi

Jina la kikundi husomwa kutoka kushoto, kuanzia jambo pana kwenda jambo finyu. Chukua rec.bicycles.tech: rec ni mambo ya burudani na mapendeleo, bicycles ni baiskeli, tech ni ufundi wake. Ukiingia hapo kuuliza njia nzuri za kuendesha baiskeli, umekosea mlango. Pale wanazungumzia vyuma.

Kuna matawi makuu manane. Comp ni kompyuta, sci ni sayansi, rec ni burudani, soc ni jamii na tamaduni, humanities ni fasihi, sanaa na falsafa, talk ni mijadala ya moto, news ni mambo ya Usenet yenyewe, na misc ni yaliyokosa pa kukaa. Saba kati ya haya yalipatikana majina yalipopangwa upya mwaka 1986 na 1987. Humanities liliongezwa mwaka 1995. Kuunda kikundi kipya humo kuna utaratibu wa kupendekeza na kujadili. Tawi la alt lilianzishwa mwaka 1987 na watu waliotaka uhuru kutoka kwenye utaratibu huo, na humo utakuta kila kitu, kizuri na cha hovyo. Yapo pia matawi ya lugha na nchi, kama de kwa Kijerumani, fr kwa Kifaransa na it kwa Kiitalia, na baadhi ya vikundi vyake vina uhai kuliko vya Kiingereza.

Kupata seva

Zamani kampuni iliyokupa intaneti ilikupa na seva ya Usenet. Siku hizi ni nadra. Wengi walikuwa wakipitia Google Groups kwenye kivinjari, lakini tangu tarehe 22 Februari 2024 huduma hiyo haipokei tena ujumbe mpya wa Usenet. Imebaki ya kutafuta mambo ya zamani tu. Kwa hiyo unahitaji seva halisi na programu halisi, na kusema kweli ni bora hivyo.

Kwa anayeanza napendekeza Eternal September. Ni bure, ni ya maandishi tu, na inataka ujisajili. Jina lake limetokana na historia: kila Septemba vyuo vilileta wanafunzi wapya ambao walivuruga vikundi kwa wiki kadhaa mpaka wakafundishika. Kuanzia 1993 wageni wa mitandao ya biashara wakawa wengi mno, na Septemba ile haikuisha tena. Ukijibiwa kwa ukali kidogo siku ya kwanza, kumbuka hawa watu wamekuwa wakipokea wageni kwa miongo.

Zipo pia seva za kulipia. Nyingi zinauza nafasi ya kupakua mafaili makubwa, kazi ambayo mtu wa majadiliano haihitaji. Usitoe pesa.

Kuweka programu, hatua kwa hatua

Nitatumia Thunderbird, kwa sababu ni bure, inaendeshwa kwenye Windows, Mac na Linux, na huenda tayari unaitumia kwa barua pepe. Wanaopenda kompyuta ya maandishi meupe kwenye skrini nyeusi wana slrn na tin, na wanaotumia Emacs, programu ya kuandikia maandishi, wana Gnus. Zote ni nzuri. Anza na iliyo rahisi.

1. Jisajili kwenye tovuti ya Eternal September. Mwishoni utakuwa na jina la mtumiaji na nenosiri. Yahifadhi.

2. Kwenye Thunderbird fungua Account Settings, bofya Account Actions, kisha Add Newsgroup Account. Menyu huhama kati ya toleo na toleo. Neno la kutafuta ni Newsgroup.

3. Utaulizwa jina na anwani ya barua pepe. Hizi zitaonekana na kila mtu, na roboti za watuma taka hukusanya anwani humo. Wengi huweka anwani ya bandia inayoishia na .invalid. Mwisho huo ulitengwa rasmi mwaka 1999 ili usije ukawa anwani ya mtu yeyote. Usibuni anwani nyingine ya uongo, kwani unaweza kumbebesha taka mtu asiye na hatia. Kuhusu jina, tumia lako au la kubuni, lakini ukishachagua ng'ang'ana nalo. Watu hujenga imani kwa jina wanalolizoea.

4. Jina la seva ni news.eternal-september.org. Maliza, kisha rudi kwenye Server Settings za akaunti hiyo. Chagua SSL/TLS, yaani muunganisho uliofichwa kwa usimbaji, hakikisha mlango (Port) ni 563, na weka tiki mahali pa kuitaka programu iombe uthibitisho kila inapounganisha. Usipoweka tiki hiyo, seva inaweza kukukatalia kuandika na usijue kwa nini.

5. Nenda Composition & Addressing. Ondoa tiki ya kuandika kwa HTML, yaani maandishi yenye mapambo kama ya tovuti, na chagua jibu lianzie chini ya nukuu. Usiruke hatua hii. Ujumbe wa HTML kwenye programu za wazee wengi unaonekana kama takataka za alama, na wapo wanaoufuta bila kusoma.

6. Bofya akaunti kwa kitufe cha kulia, chagua Subscribe, na usubiri. Orodha ni ya maelfu ya majina, kwa hiyo mara ya kwanza inachukua muda. Andika neno kwenye kisanduku cha kutafutia, weka tiki kwenye vikundi unavyovitaka, kisha thibitisha. Kujiandikisha huku hakumjulishi mtu yeyote. Ni alama tu ndani ya kompyuta yako.

7. Ukifungua kikundi kikubwa, Thunderbird itakuuliza upakue vichwa vingapi vya ujumbe. Mia tano vinatosha kuanzia.

Panga ujumbe kwa nyuzi, yaani kila jibu likae chini ya lile linalolijibu. Bila hivyo utapotea.

Kujua kikundi kilicho hai

Tazama mambo mawili: tarehe na majina. Kama ujumbe wa mwisho ni wa miezi mingi nyuma, hapo pamehamwa. Kama ni wa leo lakini kila mada ni tangazo na hakuna aliyejibiwa, pamehamwa pia. Unachotafuta ni majina yaleyale sita au kumi yakijibizana, nyuzi zenye matawi, na hapa na pale jina geni likijibiwa vizuri. Kikundi cha watu kumi wanaojua jambo lao kina faida kuliko cha elfu wanaopita.

Chagua vitatu, si thelathini.

Kusoma kabla ya kuandika

Soma kwa wiki mbili hivi bila kusema. Hii si woga, ni kazi. Utajua nani hujibu kwa ujuzi na nani hujibu ili aonekane. Utajua kama mada za pembeni zinavumiliwa, na utajua vita vya zamani ambavyo neno moja tu linaviamsha upya.

Tafuta pia orodha ya maswali yanayoulizwa mara kwa mara, FAQ. Vikundi vingi vina yake, ya zamani na ya kina. Ya comp.lang.c, iliyotungwa na Steve Summit, imewafundisha watu lugha ya C kuliko vitabu vingi. Desturi ilikuwa kuitoa tena kila baada ya muda ndani ya kikundi chenyewe na kwenye news.answers. Kuuliza swali ambalo jibu lake limo humo ndiyo njia ya haraka kabisa ya kuwachosha watu.

Kabla ya ujumbe wako wa kwanza wa kweli, jaribu kwenye misc.test au alt.test. Andika mstari mmoja, tuma, subiri uuone umerudi. Usijaribu kwenye vikundi vya kawaida. Neno "jaribio" peke yake kwenye kikundi cha hesabu linamkera kila mtu.

Kuandika swali linalojibika

Mada ndiyo itakayoamua kama utasomwa. Mwenye ujuzi hupitisha macho kwenye orodha na kufungua mada chache tu. "Msaada tafadhali" haimwambii chochote. Tuseme uko kwenye kile kikundi cha ufundi wa baiskeli. Mifano naiandika kwa Kiswahili ili tuelewane. Wewe andika kwa lugha ya kikundi.

Mada: Cheni mpya inaruka kwenye gia ndogo za nyuma

Nimebadilisha cheni wiki iliyopita kwa sababu ya zamani ilikuwa imerefuka. Tangu hapo nikikanyaga kwa nguvu kwenye gia mbili ndogo kabisa za nyuma, cheni inaruka. Gia kubwa hazina shida. Gia za nyuma ni zilezile za zamani, zenye meno 11 hadi 28. Nimekaza waya wa kubadilishia gia, haikusaidia. Je, ni urefu wa cheni au ni gia zenyewe?

Angalia kilichomo: kimebadilika nini, lini, shida inatokea wapi na wapi haitokei, nini kimeshajaribiwa, na swali lenyewe mwishoni. Fundi akisoma "gia kubwa hazina shida" tayari ameshapata nusu ya jibu. Picha usibandike, vikundi vya maandishi havipokei viambatisho. Ziweke mahali pengine kwenye intaneti na utoe kiungo.

Kisha subiri. Jibu linaweza kuja baada ya saa moja au baada ya siku tatu. Usirudie swali kesho yake, na usilitume mojamoja kwenye vikundi vitano. Kama kweli linahusu vikundi viwili, viandike vyote viwili kwenye mstari wa Newsgroups wa ujumbe mmoja, vikitenganishwa kwa mkato. Hapo ni ujumbe mmoja wenye milango miwili: atakayejibu upande huu anasomwa na upande ule. Ukituma mara mbili, watu wa upande mmoja watahangaika kulijibu swali ambalo wenzao wameshalijibu. Elekeza pia majibu yaende kwenye kikundi kimoja kwa mstari wa Followup-To. Zaidi ya vikundi vitatu, seva na wasomaji wengi watakuhesabu mtuma taka.

Kujibu na kunukuu

Kwenye Thunderbird kuna vitufe viwili vinavyofanana. Followup hupeleka jibu kwenye kikundi. Reply hulipeleka kwa mwandishi peke yake kwa barua pepe, na kama anwani yake inaishia na .invalid halitafika popote. Unachokitaka karibu kila mara ni Followup.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wageni hulikosea kuliko yote. Nukuu ya mwenzako hutanguliwa na alama ya > kwenye kila mstari. Usiiache yote ikae chini ya jibu lako kama kwenye barua pepe za ofisini. Kata usichokihitaji, acha ile sentensi unayoijibu, na andika chini yake:

> Gia za nyuma ni zilezile za zamani, zenye meno 11
> hadi 28.

Shida iko hapo. Cheni ya zamani iliporefuka ilikula meno yakafuata urefu wake. Cheni mpya ina urefu sahihi, kwa hiyo haikai tena. Gia ndogo huchakaa kwanza kwa sababu mzigo unabebwa na meno machache.

> Nimekaza waya wa kubadilishia gia, haikusaidia.

Haiwezi kusaidia. Badilisha gia za nyuma, na safari ijayo pima cheni mapema kabla haijarefuka kwa asilimia 1.

Msomaji anayefika hapa bila kuona mwanzo wa uzi anaelewa kila kitu. Hilo ni la lazima kwa sababu ujumbe haufiki kila seva kwa mpangilio mmoja. Jibu lako linaweza kumfikia mtu kabla ya swali lenyewe. Bakiza pia mstari unaosema nani aliandika nini. Ukikata maneno ya mtu, usiyakate yakabadilika maana. Hilo huchukuliwa kama uongo.

Ukiwa na saini, yaani mistari ya kujitambulisha mwishoni mwa ujumbe, itanguliwe na mstari wenye vistari viwili na nafasi moja. Programu huitambua alama hiyo na kuiondoa saini wakati wa kunukuu. Mistari minne ndiyo mwisho wake.

Vikundi vyenye msimamizi

Vichache vina mtu anayepitia kila ujumbe kabla haujatoka. Unatuma kama kawaida, nao unaenda kwake. Mfano wa kudumu ni comp.risks, unaohusu hatari za mifumo ya kompyuta. Ujumbe usipoonekana siku hiyohiyo, usitume tena.

Wakorofi

Watakuwepo. Kuna mtu atakayeandika jambo la kuudhi akiwa na nia moja tu, ujibu. Usimjibu hata kwa ushahidi mzuri, kwa sababu jibu lako linambeba hadi kwa watu waliokuwa wameshamzuia. Mzuie na wewe. Kwenye Thunderbird fungua Message Filters, chagua akaunti yako ya vikundi, weka jina lake kwenye From na uamuru ujumbe wake ufutwe. Uzi mzima ukiharibika, bonyeza herufi K ukiwa juu yake; hutauona tena.

Kuhusu hasira yako mwenyewe: ujumbe ulioandika ukiwa umechemka uhifadhi kama rasimu mpaka kesho. Nimeshaeleza kuwa hakuna kurudisha.

Baada ya kujibiwa

Rudi uandike matokeo kwenye uzi uleule, hata kama ni mistari miwili: umebadilisha nini, na shida imekwisha au bado. Mtu mwenye tatizo hilohilo atakuja kulitafuta miaka mingi baadaye, na uzi unaoishia na ushauri bila matokeo unamwacha njia panda. Ukikuta ujumbe wa thamani, hifadhi nakala pamoja na Message-ID yake, kwa sababu kila seva ina muda wake wa kuweka ujumbe kabla ya kuufuta. Kisha angalia maswali ya wageni wengine. Ukiona moja unaloweza kulijibu kwa uhakika na siku imepita bila mtu kuligusa, lijibu.